Epoksi haikauki, huiva: Lugha ya kutibu boti ya faiba

Majuzi msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu wa shule ya msingi katika pwani ya kusini, aliniandikia barua fupi yenye swali refu. Mjomba wake ana boti ya faiba anayovulia. Siku hizi boti hiyo imekuwa nzito, inavuja, na sehemu moja ya tumbo lake, karibu na nyuma, imetiwa kiraka mara tatu. Mara zote tatu kiraka kimebanduka. Safari hii mjomba amejikamua akanunua makopo ya epoksi na kitambaa chake huko Mombasa. Maelezo yote ni ya Kiingereza. Mjomba akamwambia mpwa wake: haya, wewe ndiye msomi, nisomee kwa Kiswahili. Mwalimu akakwama. “Profesa,” ananiandikia, “nilijikuta nimesema ‘dawa’ mara sita, na kila mara nilikuwa na maana ya kitu kingine.”

Nimelipenda swali hili kwa sababu linagusa mahali panapouma. Tunacho Kiswahili cha mashairi, cha sheria, cha dini na cha siasa. Tunacho hata Kiswahili cha isimu, ambacho wanafunzi hukilalamikia kila muhula. Lakini mtu akitaka kuziba boti yake kwa vifaa vya leo, lugha inamtupa mkono. Na boti ya mjomba ndiyo sahani ya wanawe. Kiraka cha nne nacho kikibanduka baharini, hasara haitakuwa ya makopo peke yake. Kwa hiyo leo tutaandamana na mjomba huyu tangu pwani hadi majini, tukitaja kila kitu kwa jina lake, na pale ambapo jina lililozoeleka linampotosha fundi nitalitaja waziwazi.

Tuanze na akiba tuliyorithi. Ufundi wa vyombo vya mbao una msamiati uliokamilika. Mkuku ni gogo refu la chini ambalo chombo kizima hujengwa juu yake. Mataruma ni mbavu. Omo ni mbele, tezi ni nyuma, na ngama ni pale chini kabisa ndani ya chombo ambapo maji hukusanyika. Maungio ya mbao huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, ikashindiliwa kwa nyundo na patasi butu iitwayo chembeu. Kazi hiyo ndiyo kukalafati, neno tulilolipata kwa Waarabu na ambalo ndugu zake wamo katika Kireno, Kihispania, Kiitaliano na Kituruki, maana mabaharia hubadilishana maneno kama wanavyobadilishana kamba. Kisha nje ya chombo hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa, na mbao hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa. (Wanafunzi wa mjini hudhani sifa ni kusifiwa tu. Waende Lamu, kijiji cha Matondoni, wakanuse.)

Sasa, je, tuseme mjomba anakalafati boti yake ya faiba? Nimewasikia watu wakisema hivyo na sitawafunga midomo, lakini mimi nina wasiwasi na neno hilo hapa. Kukalafati kunahitaji maungio, na boti ya faiba haina maungio ya mbao. Ni gamba moja kama la yai. Kibaya zaidi, neno hilo huja na elimu yake nyuma. Fundi wa mbao anajua kwamba chombo kilichokaa juani muda mrefu kikirudishwa baharini huvuja siku ya kwanza, kisha mbao zikanywa maji, zikafura, zikabanana, na uvujaji ukapungua wenyewe. Elimu hiyo ni sahihi kabisa kwa mbao. Ukiihamishia kwenye faiba unaangamia. Faiba ikinywa maji haijifungi. Inazidi kuharibika, na kila siku inayokaa majini hali huwa mbaya zaidi. Kuna wavuvi wanaosema “iache tu majini, itajiziba”, nao wanaongozwa na kumbukumbu ya mbao.

Hebu basi tuseme faiba ni nini. Nairobi ukitaja faiba vijana wanafikiri unauza intaneti, na hawajakosea sana, kwani zote mbili ni nyuzi za kioo. Za intaneti hupitisha mwanga. Za boti hufumwa au kutandazwa, zikaloweshwa kwa gundi ya maji iitwayo resini, na resini ikishaiva huwa ngumu na kuzishika nyuzi pamoja. Nyuzi ndizo zenye nguvu, resini ndiyo inayozishikilia mahali pake. Watu walianza kujenga boti kwa njia hii katika miaka ya 1940, mmoja wao akiwa Ray Greene wa Ohio, Marekani, na baadaye ujenzi huo ukaenea dunia nzima kwa kuwa ganda moja laweza kunakiliwa mara nyingi kutoka kwenye kalibu moja. Resini iliyotumika, na inayotumika hadi leo katika boti nyingi za bei nafuu, ni ya aina ya poliesta. Juu yake kuna tabaka jembamba la rangi linaloitwa jelikoti. Hiyo ndiyo ngozi ya boti.

Ngozi hiyo huonekana kama sahani ya kaure, inang'aa, mtu akaamini kwamba haipitishi kitu. Hupitisha. Boti ikikaa majini miezi na miaka, maji hupenya kidogo kidogo kama mvuke, yakakutana na mabaki ya kemikali ambazo hazikuiva vizuri kiwandani, yakaziyeyusha. Maji hayo yenye kemikali huvuta maji mengine, shinikizo likapanda, na ngozi ikavimba. Kiingereza kina neno lake kwa uvimbe huo, nasi tunalo letu lililo bora: malengelenge. Mtoto akimwagikiwa na chai ya moto tunajua anachota malengelenge, na tunajua kwamba ndani yake mna maji. Ya boti ni hivyo hivyo. Ukitoboa moja, jikinge macho kwanza, maana maji huruka kwa nguvu, na mara nyingi hunuka kama siki. Harufu hiyo ni ushahidi kwamba poliesta imeanza kuoza kikemikali.

Hiyo ni njia moja. Njia nyingine haina siri: tundu la skrubu lisilozibwa, ufa wa boti iliyogonga mwamba, pembe iliyolika kwa kukokotwa mchangani. Na mahali hatari kuliko pote ni ule ubao wa nyuma unaobeba injini. Boti nyingi za faiba zina plaiwudi ndani ya ukuta huo, imefunikwa kwa faiba pande zote. Boliti za injini hupita katikati. Maji yakiingia katika tundu la boliti, plaiwudi huyanywa na kuoza gizani, huku nje kukiwa kweupe na kusafi. Mwalimu ananiambia kiraka cha mjomba kiko karibu na nyuma. Nikisoma hivyo, jambo la kwanza ninaloshuku ni plaiwudi hiyo.

Basi mjomba asifungue kopo lolote bado. Apige kwanza hodi. Achukue mpini wa bisibisi agonge boti yote polepole, sentimita tano tano, na asikilize, kama vile mnunuzi sokoni anavyolipiga tikiti kofi. Faiba nzima hulia kwa sauti kavu, ya juu. Iliyoachana tabaka au iliyoshiba maji hulia buu, kama mlango wenye mashimo. Kila anaposikia sauti hiyo atie alama kwa chaki. Atashangaa, maana eneo lililougua huwa kubwa kuliko kiraka, pengine mara tatu au nne, na hiyo ni sababu mojawapo ya viraka kubanduka: vilishonwa kwenye nguo iliyooza.

Kisha inakuja hatua ambayo hakuna mvuvi anayeipenda, nayo ni kungoja. Malengelenge yote yatumbuliwe, jelikoti iliyolegea ikwanguliwe kwa grainda au msasa mnene, boti ioshwe kwa maji baridi ya bomba au kisima, irudiwe kuoshwa, na tena. Kwa nini maji, na tunataka kukausha? Kwa sababu chumvi na zile kemikali za malengelenge hunyonya unyevu wa hewani. Ukiziacha ndani, jua lote la Kwale halitaikausha boti hiyo. Baada ya kuosha ndipo ianikwe, imeinuliwa juu ya magogo, imefunguliwa kila kifuniko, upepo upite juu na chini. Siku ngapi? Hapa watu hutaka tarakimu nami nasita, kwa sababu inategemea unene na jinsi ilivyolowa. Mara nyingi ni majuma kadhaa, pengine miezi. Lakini kipo kipimo kisichogharimu kitu. Kata karatasi ya plastiki angavu, upana wa kama sentimita thelathini, uibandike pale pagonjwa kwa utepe kingo zote nne, uiache kutwa nzima juani. Ukikuta matone upande wa ndani, boti bado inatoa maji. Rudia juma lijalo.

Najua mjomba atauliza atakula nini wakati huo wote. Ni swali la haki. Kaskazi, Desemba hadi Machi, jua ni kali na mvua ni haba, lakini ndipo bahari ilipotulia na ndipo pesa zilipo. Masika huharibu kila kitu. Nafasi aliyo nayo ni baada ya masika, wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka na boti ndogo zimepandishwa pwani hata hivyo. Apate kibanda cha makuti cha kukinga manyunyu, upepo wa kusi utafanya kazi nyingine. Kuanika boti Januari ni kutupa msimu, na kuitia kiraka Mei ni kufungia maji ndani.

Hapo “kukausha” ni neno halali: maji yanatoka. Sasa tugeukie neno ambalo kwa maoni yangu limeharibu boti nyingi kuliko miamba. Fundi akishapaka epoksi husema “tungoje ikauke”. Rangi hukauka, kwa sababu ndani yake mna thina au maji ambayo huruka hewani, na kinachobaki ni rangi. Epoksi haina kinachoruka. Vitu viwili hukutana, vikashikana, vikawa kitu cha tatu, na joto likatoka. Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo na kila mpishi anakitumia: kuiva. Yai likichemshwa halikauki, linaiva, na halirudi kuwa bichi kamwe. Hata “kuganda” hakufai, kwa kuwa samli iliyoganda ukiitia motoni inayeyuka tena.

Msomaji atasema profesa anacheza na maneno. Haya, tuone. Anayeamini kwamba epoksi hukauka akiiona nzito ataongeza thina ili ipakike, akitaraji thina iruke, na kumbe nyingine hubaki ndani na kuifanya epoksi kuwa laini milele. Ataisogeza boti kwenye jua kali ili “ikauke haraka”, nayo itachemka, itoe mapovu. Na ikibaki inanata baada ya siku tatu, atasema “bado haijakauka, ngoja”, wakati ukweli ni kwamba imebaki mbichi kwa kuwa vipimo vilikosewa, na haitaiva hata angoje hadi Idi mbili zipite. Dawa yake ni kuikwangua yote na kuanza upya. Anayesema “mbichi” na “imeiva” anajiuliza swali la maana: niliipikaje?

Na hapo ndipo yale makopo mawili yanapoingia, pamoja na zile “dawa” sita za mwalimu. Mafundi wetu wa jua kali, hasa wanaonyoosha mabati ya magari, wamezoea neno hadina. Tatizo ni kwamba hadina hiyo moja inataja vitu viwili visivyo na undugu. Kwenye resini ya poliesta, kile kinachotiwa kidogo kidogo ni kichocheo. Hutiwa takriban asilimia moja hadi mbili, na fundi anaweza kuongeza matone kidogo siku ya baridi au kupunguza siku ya joto, kama mwoka mikate anavyofanya na hamira. Kwenye epoksi, kopo la pili ni nusu ya ndoa. Fikiria shati: resini ni vifungo na hadina ni matundu yake. Kila kifungo kinadai tundu. Ukileta matundu mengi kupita vifungo, shati halifungiki upesi zaidi; matundu ya ziada yanabaki wazi tu. Kwa hiyo fundi aliyezoea poliesta, akitia hadina ya epoksi kwa kukisia, au akaiongeza “ishike haraka”, anapata kitu laini kinachonata. Ningependekeza, na walimu wanisaidie kulisambaza, kwamba tuseme kichocheo kwa poliesta na tuliache neno hadina liwe la epoksi pekee.

Kipimo cha epoksi huandikwa kwenye kopo. Kipo cha mbili kwa moja, cha tatu kwa moja, cha tano kwa moja, kutegemea mtengenezaji. Lazima mwalimu aangalie kama kipimo hicho ni cha ujazo au cha uzito, kwa kuwa resini na hadina hazilingani uzito na tarakimu hizo mbili huenda zikatofautiana. Mzani mdogo wa jikoni unatosha. Kikorogwe kwa dakika mbili kamili, ukikwangua pembeni na chini ya kopo, maana pale ndipo ubichi hujificha. Halafu kimwagwe kwenye trei pana. Kikiachwa ndani ya kopo, joto lake lenyewe hujilimbikiza, kikaanza kufuka moshi, na plastiki ikayeyuka mkononi. Muda wa kazi ulioandikwa kwenye kopo mara nyingi umepimwa katika joto la nyuzi 20 au 25. Kila nyuzi kumi zikiongezeka, muda hupungua kwa karibu nusu. Mchana wa pwani, basi, mjomba achanganye kidogo kidogo, kivulini. Na afadhali aanze alasiri, joto likiwa linashuka, ili hewa iliyomo ndani ya faiba isipanuke na kutoboa vijitundu kwenye kazi yake mpya.

Kuhusu ngozi ya mjomba mwenyewe nitasema kwa ukali. Kuna mafundi wanaojivunia kufanya kazi kwa mikono mitupu. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuuzoesha mwili uichukie, na ukishafika hapo, harufu yake tu huweza kukuwasha na kukufura. Hali hiyo kwa kawaida haiponi. Glavu, mikono mirefu, na maski wakati wa msasa, kwa sababu vumbi la kioo halifai mapafuni. Ikimdondokea ajioshe kwa sabuni na maji. Asijifute kwa thina wala asetoni, ambazo huisukuma zaidi ndani.

Sasa kiraka chenyewe. Kamusi zetu zina neno zuri lililosahauliwa, hanamu, lenye maana ya mshazari. Washonaji hukata kitambaa hanamu. Kingo za kidonda cha boti ndivyo zinavyotakiwa kuwa: zisagwe zilale kama ufuo wa bahari, zisisimame kama ukuta. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kumi na mbili kwa moja. Kama faiba ina unene wa milimita 6, hanamu ienee milimita 72 kila upande. Tundu la milimita 100 litahitaji eneo lililosagwa lenye upana wa milimita 244. Mjomba atalalamika kwamba anaharibu boti nzima kwa sababu ya tundu dogo, lakini viraka vyake vitatu vilibandikwa juu ya ukingo uliosimama, bila mahali pa kushika. Mzigo wa mawimbi ukija, wote unaangukia kwenye ule mstari mwembamba wa mduara.

Kabla ya kusaga, nta na mafuta viondolewe kwa asetoni na kitambaa safi, kisha kitambaa kingine kikavu kifuate mara moja kabla asetoni haijaruka. Mpangilio huu una sababu: ukianza na msasa, unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo.

Vitambaa navyo vina hadithi. Katika maduka utakuta aina mbili. Moja ni nyuzi fupi zilizotawanywa ovyo na kushikizwa kwa gundi nyepesi. Mimi huuita mkeka, ingawa mfumaji wa mikeka atanichukia. Ya pili imefumwa kweli, ina mtande na mshindio kama kikoi. Mkeka hupatana na poliesta, kwa kuwa gundi yake imetengenezwa iyeyuke ndani ya stirini iliyomo katika poliesta. Epoksi haina stirini. Ukitia epoksi kwenye mkeka wa kawaida, nyuzi hubaki zimekakamaa na hazilali vizuri. Kwa hiyo anayetumia epoksi anunue kilichofumwa, au kile ambacho nyuzi zake zimepangwa hanamu na kushonwa. Na kwa nini asitumie poliesta ambayo ni rahisi zaidi? Kwa kutengeneza, epoksi hushika faiba ya zamani kwa nguvu zaidi na huzuia maji vizuri zaidi. Lakini akumbuke kwamba mlango huu unafunguka upande mmoja: epoksi hushika juu ya poliesta iliyoiva, poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Akishaingia kwenye epoksi, amalizie kwa epoksi.

Tundu likiwa limetoboka hadi ndani, atie kwanza ubao mwembamba uliofunikwa kwa plastiki upande mmoja, kwa sababu epoksi haishiki plastiki ya mifuko. Apake epoksi tupu kidonda chote inywewe. Kisha apake nyingine iliyotiwa unga wa silika hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, ijaze mabonde. Ndipo kitambaa kifuate. Kitambaa cheupe kikikutana na epoksi hubadilika: weupe unatoweka na unaona hadi chini. Hapo kimeshiba. Doa jeupe lililobaki ni hewa, na hewa hiyo ndiyo lengelenge la miaka ijayo, kwa hiyo rola ipite hadi litoke. Kwa kazi ya mkono, kadiria gramu moja ya epoksi kwa gramu moja ya kitambaa. Ukiona madimbwi, umezidisha, na resini bila nyuzi ni udhaifu tu ulioongezewa uzito.

Kitambaa cha gramu 600 kwa mita ya mraba, kikishiba, hutoa unene wa karibu milimita 0.75, kwa hivyo milimita 6 za mjomba ni tabaka nane. Asitie zote kwa mkupuo mmoja kwenye joto letu; tatu au nne kwanza, kisha nyingine. Mafundi hubishana kama kipande kikubwa kitangulie au kidogo. Mimi niko upande wa kikubwa kutangulia, kwa kuwa ndicho kinachoshika hanamu yote, na msasa wa mwisho hautakikata. Wenye maoni tofauti wanazo hoja zao, na boti zao zinaelea.

Akiendelea wakati tabaka la chini bado linanata kidogo, yote yataiva pamoja kama kitu kimoja. Akilala hadi kesho, atakuta utando kama wa mafuta juu ya epoksi. Utando huo hauondoki kwa msasa, unaziba tu msasa. Huondoka kwa maji matupu na kikwaruzo cha kuoshea sufuria. Baada ya hapo apige msasa, aendelee. Na kazi ikiisha kabisa lazima ipakwe rangi, kwani jua huila epoksi isiyofunikwa ikawa chokaa.

Nimebakiza plaiwudi ya nyuma. Ikiwa mjomba, alipokuwa akigonga, alisikia sauti buu kwenye ukuta wa injini, kiraka cha nje hakitamfaa. Atoboe vijitundu kwa keekee upande wa ndani aangalie vumbi linalotoka: jeupe na kavu, salama; jeusi na lenye maji, ukuta ufunguliwe, mbao zote zilizooza zitolewe, plaiwudi mpya ya gundi isiyoogopa maji ipakwe epoksi pande zote na hasa kingoni, kisha ifunikwe. Matundu ya boliti yatobolewe makubwa kuliko boliti, yajazwe epoksi nzito, yakiiva ndipo yatobolewe upya kwa kipimo. Kwa njia hiyo boliti hupita katikati ya epoksi na haigusi ubao hata kidogo.

Boti ikirudi majini, aiache siku moja imefungwa bandarini, kisha aangalie ngama. Akikuta maji, ayaonje kwa ncha ya ulimi kabla ya kumlaumu mtu. Yakiwa matamu ni mvua au umande. Yakiwa ya chumvi, aipandishe, achukue chaki na bisibisi, aanze tena kugonga.